Siku Baba Aliposhinda Nyuma ya Mikonge

Juzi nilikata jani la mkonge lililokuwa likiziba njia ya kwenda bombani, utomvu ukanirukia mkononi. Kabla sijafika kunawa, ngozi ilianza kuwasha, na ile harufu yake, kama majani mabichi yaliyochanganywa na sabuni ya mche, ikanirudisha Mkolani, uani kwetu, mwaka ambao baba alikuwa nyumbani na hakuwa nyumbani.

Ngoja niwaeleze. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Ndiyo kwanza soko huria limeingia, mitumba imejaa kila gulio, viwanda vinauzwa na watu "wanapunguzwa", neno ambalo mimi, msichana wa miaka kumi, nililielewa kama kupunguzwa nywele. Baba alipopunguzwa hakumwambia mtu isipokuwa mama. Mama akaanza kuuza dagaa sokoni. Baba akaendelea kuamka alfajiri, kuvaa ovaroli yake ya bluu, na kwenda nyuma ya nyumba.

Huko nyuma kulikuwa na uwanja mwembamba. Upande mmoja ukuta wa jiko, upande wa pili jabali, na mwisho wake umezibwa na mikonge mikubwa. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, nayo ilipita mlangoni mwa jiko. Baba alikuwa ameona matajiri wapya wanaojenga kando ya ziwa wakipenda mikonge ya mapambo, ile yenye ukingo wa njano, basi akaanza kuizalisha. Alinifundisha kung'oa vitoto vinavyochipua shinani, kila kimoja na kimzizi chake, na kuvilaza kivulini siku tatu. "Ukipanda kidonda kibichi, kinaoza," alisema. Baadaye tulivipanda kwenye makopo yaliyotobolewa chini, udongo ukiwa umechanganywa na mchanga wa ziwani, na maji tuliyatoa kwa uchoyo, mara moja kwa wiki.

Nilipenda kazi ile ila nilichukia sharti lake. Sikuruhusiwa kwenda kucheza, nisije nikaropoka. Kila anayebisha hodi aambiwe baba yuko kazini. Likizo nzima nilikaa ndani ya ua nikiwasikia wenzangu wakiruka kamba upande wa pili wa miiba, na uongo ule umenikaa mdomoni kama gololi, siumezi wala siutemi.

Asubuhi moja akaja Shangazi Minza, dada yake baba, kutoka Usagara. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza kaka yake yuko wapi. Nikasema yuko kazini. Nilitegemea ataacha salamu aondoke. Badala yake alivuta kigoda, akakiweka mlangoni mwa jiko, palepale njiani, akasema atamsubiri.

Jua likapanda. Jabali likishashika joto huwezi kuliegemea, nami nilijua huko nyuma hakuna kivuli. Nikajaza maji kwenye kopo, nikasema naenda kumwagilia. Baba alikuwa amechuchumaa katikati ya vitoto vyake, jasho linamtiririka. Alikunywa yote bila kuniangalia usoni. Niliporudi kujaza mara ya tatu, shangazi aliuliza taratibu kama mimea ya miiba siku hizi inakunywa maji kiasi hicho. Nikasema ndiyo. Masikio yaliniwaka moto. Mchana tulikula ugali na dagaa, mimi na yeye. Maji niliweza kuyapeleka. Ugali, ningesema ni wa nani?

Jua lilipoanza kuelekea ziwani, nilisikia mikonge ikichakarika huko nyuma, kisha kimya. Muda si mrefu baba akatokea upande wa barabarani, kwa hatua za mtu aliyechoka na kazi. Ovaroli ilikuwa imechanika gotini, damu imemchora mikono na shavu. Akamsalimu dada yake, akasema leo kiwandani kazi ilikuwa nzito.

Shangazi aliinuka kigodani. Akaniagiza maji ya moto yenye chumvi, akamkalisha kwenye kigoda, akawa anamchomoa miiba mmoja baada ya mwingine.

"Kaka," akasema, "mitambo ya siku hizi ina miiba?"

 Mabega ya baba yakaanza kutikisika, nami nikadhani anacheka.

"Nipe vitoto ishirini vya kuzungushia shamba," shangazi akaendelea. " Mbuzi wa jirani wanamaliza mihogo yangu. Na utakuja kunipandia mwenyewe, mchana, watu wakikuona."

Baba alikwenda. Watu walimwona, wakauliza, wengine wakaagiza. Hatukutajirika, ila wiki ile ile niliruhusiwa kutoka, na nikaruka kamba mpaka miguu ikauma.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile shangazi ndiye aliyetufungia, na kwamba damu ya baba ndiyo iliyomfumbua macho. Nilipokuwa nimeshaolewa, nikamwuliza shangazi. Alishangaa. Habari za kiwandani zilikuwa zimemfikia zamani, na niliposema baba yuko kazini, macho yangu yalikimbilia nyuma ya jiko.

Nikamwuliza kwa nini basi hakwenda huko moja kwa moja.

"Ningemkuta amechuchumaa, asingenisamehe," alisema. "Nilikaa pale ili apite mbele yangu akiwa amesimama, tusalimiane, yaishe. Nilimsubiri kutwa nzima, mwanangu. Sikudhani angechagua miiba."