Bibi alisema "nionyeshe", mwanafunzi wangu akafungua kopo la filamu juani

Wakuu, salaam. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Nimebadilisha jina moja tu, maana mhusika bado yuko shule na wenzake wana bando.

Nina studio ya picha za passport hapa Mikumi. Marehemu baba yangu mdogo enzi zake alizunguka Kilosa yote na gari la sinema, akionyesha filamu za afya na kilimo. Kwenye vitu alivyoniachia nilikuta projekta, kamera ya filamu isiyotumia betri (unaijaza ufunguo kama saa ya ukutani), na mikanda sita ambayo haijapigwa. Ime-expire zamani sana, ila alikuwa anaitunza kwenye friji kuliko hata nyama.

Likizo ilipofika nikaomba shule ya jirani wanafunzi sita wa form three. Mikanda sita, watoto sita. Kila mmoja na wake, dakika tatu hivi, ukiharibu umeharibu.

Nikawaambia sitaki bongo movie. Sitaki mchumba aliyesalitiwa, sitaki mganga. Nataka filamu isiyo na hadithi: kivuli, moshi, mikono ya mtu. Funika lensi kwa khanga uone kinatokea nini.

Walicheka sana. Aliyecheka kuliko wote ndiye alimaliza mkanda mzima akipiga vivuli vya malori pale barabarani, na ni kazi tamu kweli.

Sheria ilikuwa moja. Mkanda ukishapigwa unakaa kwenye kopo, na kopo halifunguliwi kwenye mwanga mpaka siku ya kuusafisha kwa dawa ili picha zitokee. Jua likiuona, umeungua. Niliwaimbisha hiyo sentensi mpaka wakanichoka.

Sasa kulikuwa na binti mmoja, nimwite Kabula. Kwao ni wafugaji wa Kisukuma, wako upande wa Kilangali, yeye anakaa kwa shangazi yake hapa Mikumi ili asome. Mkimya. Anauliza swali moja kwa wiki, na hilo swali linakukalisha chini.

Swali lake wiki ile lilikuwa kama anaruhusiwa kumpiga bibi yake.

Familia ilikuwa inahama na ng'ombe kwenda Lindi, bibi akiwemo. Kabula anabaki na shule. Bibi ndiye aliyemlea, na picha yake hana hata moja, kwa sababu bibi hataki simu. Anasema picha ya simu mtu anaifuta kwa kidole. Ila alipoelezwa kwamba hii inakaa kwenye mkanda, unashikika, unawekwa kwenye kopo, akakubali.

Nikampa kamera Jumamosi. Jumatatu akarudi, akaweka kopo mezani, akabaki amesimama.

"Mwalimu, nililifungua."

"Wapi?"

"Nje. Mchana. Bibi alisema nionyeshe."

Wakuu, nina hasira za karibu, naomba nikiri. Nilimfokea mbele ya wenzake. Nikamwambia mkanda wote umeungua, nimefundisha ukuta, na bibi yake ndo basi tena. Hilo la mwisho nililisema kwa mdomo wangu huu.

Kabula akaokota begi lake, akaondoka. Kesho yake hakuja. Nikamuuliza shangazi yake, akasema amekwenda kwao kuaga, wanahama Alhamisi.

Nikamsimulia mke wangu nikitegemea aniunge mkono. Akaniuliza, "Umeusafisha ukauona umeungua?"

Sikuwa nimeusafisha. Mimi, fundi, nilijua kabisa kwamba mkanda unajiviringisha, ulichopiga mwanzo kiko ndani na cha mwisho kiko juu. Jua linaanza na cha juu. Nilijua, ila hasira ilikuwa tamu zaidi.

Jumatano asubuhi nikafunga ndoo mbili kwenye boda: kahawa ya unga, magadi na vitamini C (ndiyo, vinasafisha picha), na dawa ya kugandisha picha niliyobaki nayo tangu enzi za filamu. Kopo la Kabula mfukoni, mpaka Kilangali.

Nilimkuta bibi anatikisa kibuyu cha maziwa. Nikampa shikamoo, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi mjukuu wake.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Kosa ni langu. Mimi nilimwambia nionyeshe. Angenijibu nini? Hapana?"

Wakuu, hapo ndipo nilipokosa pa kuweka uso. Nilifundisha habari za mwanga wiki nzima, sikufundisha mtoto afanye nini mkubwa akimwambia nionyeshe. Na kwao, kama kwetu, hilo halina jibu la hapana.

Nikamwomba Kabula msamaha mbele ya bibi yake. Akaangalia chini, akasema, "Tusafishe, mwalimu."

Tukaziba mlango wa chumba cha ndani kwa mablanketi, giza totoro saa tano asubuhi. Bibi akakataa kubaki nje. Basi tulikuwa watatu mle, mimi natikisa ndoo, wao wanaongea Kisukuma taratibu. Sikuelewa hata neno. Nilisikia Kabula analia, halafu baadaye kidogo anacheka.

Tulipotoka, nikasuuza mkanda na kuuanika kwenye kamba ya nguo.

Kipande cha mwisho, urefu wa mikono kama kumi hivi, kilikuwa cheusi tii. Humo ndimo bibi alikuwa ameangalia kamera moja kwa moja na kutaja majina ya wajukuu wote. Kimekwenda. Kabula alikishika muda mrefu.

Lakini cha ndani, kilichopigwa kabla ya hicho, kilikuwa kizima. Kingo zimeliwa na mwanga, katikati kuna mikono, kibuyu, shingo, kisha bibi mwenyewe anageuka. Na kwa kuwa kwenye mkanda wa hivi cheupe hutoka cheusi, mvi zake zote zilikuwa nyeusi.

Bibi akasogeza macho karibu. "Huyu ni mimi nilipoolewa," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Halafu akaomba mkasi.

Akakata kile kipande cheusi. Kabula akamwambia, "Bibi, hicho hakina kitu. Chukua chenye picha."

"Chenye picha ni chako, utaniangalia mimi," bibi akasema. "Hiki nilikiangalia kwa macho yangu wewe ukiwa umesimama mbele yangu umekishika. Mimi nikikiona, nakuona wewe."

Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la khanga. Alhamisi wakaondoka nacho.

Funzo nililopata: usimwambie mtoto kitu kimeungua kabla hujakiangalia. Na siku nikipata mikanda mingine, kila mwanafunzi ataenda nyumbani na kipande kibovu mfukoni, cha kuwaonyesha wakubwa.

Karibuni mchangie. Na wewe uliyewahi kumfokea mtoto kwa kosa ambalo mzizi wake ni heshima, ulilimalizaje? Matusi pia napokea, nilistahili.