Njia ya Ng'ombe na Hukumu ya Kaka Tluway

Nakumbuka asubuhi tuliyotoka nyumbani, upande wa Nambis, kwenda mahakama ya mwanzo mjini Mbulu, mimi na kaka yangu Tluway. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, kila mmoja wetu amejifunga shuka na kushika upande wake wa njia. Yeye alikuwa mshtakiwa. Mimi, dada yake wa tumbo moja, nilikuwa shahidi wa upande uliomshtaki. Mwanangu, mwendo wa namna hiyo sikuombei.

Nianze pale jambo lilipoanzia. Mwenyekiti wa kitongoji chetu wakati ule alikuwa amelima njia ya ng'ombe, ile iliyoshuka mtoni, akapanda vitunguu saumu. Tukawa tunazungusha mifugo mbali kutafuta maji, na mama zetu nao na ndoo kichwani. Tluway alimwendea kwa adabu, akaambiwa asubiri mkutano. Mkutano ukaitishwa, habari ya njia ikawekwa mwisho kabisa, na ilipofika zamu yake mwenyekiti akasema muda umekwisha, watu waende nyumbani.

Hapo kaka yangu akawaka. Alipindua meza, akamtukana mwenyekiti mbele ya wajukuu zake matusi ambayo hata leo siwezi kuyatamka, kisha akaokota jiwe akavunja dirisha la ofisi. Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Hasira hasara, mwanangu. Kwa muda mfupi tu kitongoji kizima kilisahau njia ya ng'ombe, kikabaki kinazungumza habari za Tluway.

Polisi walimchukua, akapata dhamana, akasomewa shtaka la kufanya fujo na kutoa matusi hadharani. Mimi nikaandikwa shahidi, maana nilisimama karibu na meza na kila mtu aliniona.

Jioni kabla ya kesi baba mdogo alikuja nyumbani. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno la baba mdogo ndilo lilikuwa neno la nyumba. Alisema ameshapanga: Tluway atakana, atasema siku ile alikuwa Masakta kwa wajomba akisaidia kuvuna, na mimi nitasema sikumwona. Mama alichochea moto. Nilipojaribu kusema kitu, baba mdogo aliniuliza kama nataka kaka yangu afungwe na mke wake ana mimba. Nilimpenda kaka yangu, na nilijua kesho yake nitashika Biblia.

Mahakamani Tluway akakana kweli, akasema alikuwa Masakta. Mwenyekiti alitoa ushahidi wake, akaeleza meza, matusi na dirisha. Njia hakuitaja hata kidogo. Na Tluway angemuuliza nini? Mtu aliyekuwa Masakta hawezi kuuliza kwa nini mkutano wa kwao ulivunjwa kabla ya shida yake kusikilizwa. Uongo tuliompikia ulikuwa umemziba mdomo yeye mwenyewe.

Nikaitwa, nikaapa, nikaanza kusema mara mbili nikaishia njiani. Hakimu wa mahakama ya mwanzo hukaa na wazee, ndio washauri wa mahakama. Mmoja wao, Mzee Bura, mkulima mwenye sauti ya polepole, aliona nahangaika, akaomba aniulize.

"Binti yangu," alisema, "kabla hujatuambia nani alifanya nini, tuambie mlikwenda mkutanoni kudai nini."

"Tulikwenda kudai njia ya ng'ombe," nikajibu.

Nilipokwisha kulisema hilo, mengine yalikuja yenyewe. Nilieleza njia ilivyolimwa, tulivyozungushwa, na kaka yangu alivyopindua meza. Sikuongeza, sikupunguza. Nilipomaliza nilimtazama Tluway nikitegemea kuona chuki. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, nilikuwepo," alisema. "Dada yangu amesema kweli."

Baba mdogo alisimama akatoka nje.

Hakimu alimtia hatiani, nami nikaona gereza mbele ya macho yangu. Lakini baada ya kushauriana na wazee alieleza kwamba mwenye haki akifanya fujo, fujo inabaki kuwa kosa. Ila kwa kuwa lilikuwa kosa lake la kwanza, na mwishowe alikiri, alimwachia kwa sharti la kutunza amani mwaka mzima. Akikosea tena ataitwa ajibu na hili. Meza na dirisha avitengeneze yeye. Habari ya njia haikuwa mbele yake siku ile, akatuelekeza baraza la kata.

Nje tulimwamkia Mzee Bura. Aliitikia, akamshika kaka yangu bega.

"Ulikuja mkutanoni na haki yako, ukaitupa kama jiwe," alimwambia. "Jiwe likishatoka mkononi si lako tena."

Njiani Tluway alitangulia mbali, nikadhani amenikataa. Nikamkuta juu ya mlima amekaa ananisubiri. Alikuwa na hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa nusu. Baadaye baraza la kata lilisikiliza mambo yetu, na kabla ya masika ng'ombe walishuka mtoni kwa njia yao. Haki ya mtu haipotei. Baba mdogo alikaa msimu mzima haitikii shikamoo yangu. Na kaka yangu hasira hazikumwisha, bado anafoka hata na uzee wake, ila akiona zinampanda huondoka mahali hapo.

Nakwambia haya kwa sababu wito wa mahakama umekufikia na wewe, kwa ile vurugu yenu na mgambo pale kijiwe cha bodaboda. Siku hizi mimi ndiye ninayekaa kiti cha washauri. Kesi yako sitaikalia, wewe ni damu yangu. Lakini nimekaa pale vya kutosha kujua hili: anayekuja na hadithi ya kupangwa huipoteza hata ile kweli iliyokuwa upande wake. Ulichofanya, kiseme. Usichofanya, usikikubali ili kumfurahisha mtu. Kama mgambo ndiye aliyeanza, muulize palepale mbele ya hakimu, kwa sauti ya kawaida, naye atalazimika kujibu. Na ukipewa adhabu, itumikie uimalize, utembee mjini bila kuinamisha uso. Kosa lililokiriwa lina mwisho wake, mwanangu. Lililofichwa huzeeka na mtu.

Nenda salama. Mungu aliyewalea wazee wetu katika baridi ya milima hii akupe ulimi mzito wakati wa hasira, na mwepesi wakati wa kweli, na watoto utakaowazaa wakusikie ukisema kweli wakaizoea.