Grisi Mbili kwenye Kioo Kimoja

Shangazi yangu alipaka grisi mashine za kiwanda cha unga miaka ishirini na miwili. Hakusoma maandishi ya kopo. Aliisugua grisi kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akatoa hukumu. Nyumbani tulimwita Bibi Vidole, ila si mbele yake.

Beringi, kile chuma kinachobeba mhimili wa kinu kikubwa, ilipoungua mara mbili ndani ya mwezi mmoja, msimamizi alitaka mtu wa kubeba lawama. Shangazi akamtaja mwendesha kinu, mume wa mdogo wake, kwamba anakijaza mahindi kupita kiasi. Shemeji yake huyo akasimamishwa kazi. Ijumaa ingeamuliwa kama afukuzwe.

Lakini kitu kilimkera shangazi. Grisi iliyochoshwa na mzigo hukauka na kuwa nyeusi, na ile aliyoitoa kwenye beringi ilikuwa nyepesi kama mchuzi. Alhamisi akaja nyumbani na kipande cha kioo cha dirisha. Akapaka mabonge matatu: grisi ya kahawia ya pipa la zamani, ya buluu ya kopo jipya, na la katikati akazichanganya hizo mbili kwa kisu. Akakiegemeza kioo kando ya jiko, akaniambia nitazame.

Nilimuuliza grisi ni nini hasa. Akasema ni mafuta yaliyoshikwa, kama maji ndani ya sifongo. Ya buluu imeshikwa na sabuni, ya kahawia na udongo laini sana. Mashine ikizunguka, mafuta hutoka kidogo kidogo, ikisimama, hutulia.

Mabonge ya pembeni hayakusogea. La katikati lililegea, likatoa mafuta, likateremka hadi ukingo wa chini wa kioo.

“Tazama zinavyokataana!” Alicheka kwa furaha, nami nikamkasirikia, maana mtu alikuwa anapoteza kazi. Kisha kicheko kikamkauka. Pipa la zamani lilipokwisha, ni yeye aliyeijaribu ya buluu kwa vidole, akaisifu, akaishindilia juu ya ile ya kahawia iliyobaki ndani ya beringi bila kufuta kitu. Nyani haoni kundule, sisemi zaidi.

Kesho yake nilimsindikiza, nimebeba kioo. Shemeji alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, kavaa shati lake lililopigwa pasi.

“Shemeji, beringi niliiunguza mimi,” shangazi alisema. “Nilichanganya grisi.”

Shemeji alikitazama kioo, akaligusa bonge la katikati, akalinusa. “Umejua lini?”

“Jana.”

“Na siku kumi na moja nilizosimamishwa kabla ya jana?”

“Nilikuwa na uhakika.”

Shemeji alijifuta kidole kwenye gazeti, polepole, mpaka kikawa safi. Shangazi akanipokonya kioo, akaingia kwa msimamizi, na mlango akauacha wazi ili shemeji asikie kila neno.