Mteja aliyegombana na sidiria: yaliyonikuta Otonglo na kifua cha mpira

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimyakimya, leo nami naleta yangu.

Si hekaya ya kutunga. Anayebisha apite soko la Otonglo, barabara ya Busia, aulize kwa Ja-Bra. Ataonyeshwa bila kulipa.

Ja-Bra, yaani mtu wa sidiria, ndiye mimi. Kwetu ni Murang'a, mbali na ziwa, ila nimeuza sidiria za mitumba huku Kisumu mpaka jina la ubatizo watu wamelisahau.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Cheka umalize mkuu, nakungoja.

Umemaliza? Haya.

Kuuza sidiria ni kazi kama kazi nyingine. Unafungua beli, lile robota la mitumba, unatoa kamera, yaani zile safi zinazogombaniwa asubuhi. Zinazobaki mpaka jioni ni fagia. Mteja anajaribu palepale juu ya blauzi yake, mwenzake anamfungia nyuma, na mimi naangalia barabara kana kwamba kuna ndugu yangu anashuka kutoka Busia. Mume wa mtu akipita, naangalia kwa bidii zaidi.

Sasa, jirani yangu wa meza ni mama anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Tunamwita Nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach, maana huku mwanamke huitwa kwa kwao.

Huyu mama ana mdomo, wakuu. Akianza kukusema, soko lote linasimamisha biashara lisikilize. Gorogoro lake, lile kopo la kupimia omena, limebonyea kitako kuelekea ndani, na sijaona mteja aliyewahi kuthubutu kuuliza kwa nini.

Pia ni mteja wangu wa miaka mingi. Siku moja akaja na sidiria nyeusi niliyomuuzia, akaitupa mezani.

"Ja-Bra, hii kitu umeniuzia ni mbovu. Upande ya kushoto imerudi ndogo."

Nikamwambia kwa upole kwamba sidiria hairudi ndogo upande mmoja.

"Kwa hivyo ni mimi nimekuwa mkubwa upande moja? Yawa! Watu wa soko, kujeni msikie huyu!"

Nikambadilishia haraka kabla hawajafika.

Baada ya muda akarudi na ile mpya. Safari hii waya unamchoma, na unachoma kushoto tu. Nikabadilisha tena. Akarudi na ya tatu, ile ya maruni, kamera kabisa, kushoto inambana.

Nikaanza kulaumu beli. Nikafikiri labda huko zinakotoka wanawake wameumbwa vingine. Mwishowe nikatoa tepu nikapima vikombe vyote viwili mbele yake. Sawasawa kabisa, kushoto na kulia.

Akaiangalia tepu, akaniangalia mimi.

"Na hiyo tepu pia ni mtumba," akasema.

Soko likacheka. Hata mimi nilicheka. Ukweli ulikuwa umelala pale mezani, tumeupima kwa tepu, na tukaendelea kugombana.

Wiki hizohizo akaja Sista Rose, muuguzi wa zahanati yetu, na sanduku. Ndani yake kulikuwa na kifua cha mpira laini, matiti mawili, rangi yetu kabisa. Titi la kulia liko sawa. La kushoto wameficha uvimbe ndani, ili ukipapasa vidole vyako vijifunze tofauti. Kazi yake ni hiyo tu, kufundishia.

Akachagua meza yangu kwa sababu wanawake hujaa pale. Akaanza kueleza, nao wakaanza kuondoka. Mmoja ameacha mboga motoni, mwingine ameitwa na simu ambayo haikulia. Kushika titi hadharani, tena mbele ya Ja-Bra? Hapana.

Sista hakukasirika. Akaniambia, "Baba, kaa nacho mpaka siku ya soko inayokuja. Waache wazoee kukiona."

Nikakubali, maana kumkatalia muuguzi anayekudunga sindano ukiugua si akili.

Jioni nikakibeba nyumbani kisiibiwe. Mke wangu akafungua mfuko akitafuta mkate.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya Sista Rose."

Wakuu, kuna majibu ambayo ni ya kweli lakini hayakufai kitu. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Alipoelewa akakichukua, akakipapasa, akaingia nacho chumbani akafunga mlango. Alipotoka akasema tu, "Niko sawa." Usingizi wangu ulikuwa mtamu siku hiyo.

Kesho yake nikakiweka mezani. Vumbi la barabara si mchezo, na mimi ni mfanyabiashara. Basi nikakivisha kamera ya zambarau yenye lesi.

Wakuu, niliuza!

Kila aliyekuja kuuliza saizi alikifinya kidogo. Waliokimbia mbele ya sista sasa wanabonyeza kama wanaochagua parachichi. "Kwani humu kuna nini?" Nami, mjuzi mpya, naeleza niliyoyasikia: tumia ncha za vidole, zungusha polepole, usisahau kwapani. Ukioga na sabuni mkono unateleza vizuri zaidi. Halafu nageuka kuangalia Busia.

Nyar Nyakach naye akaja, shabaha yake ni kunidhalilisha.

"Omera, sasa umeoa plastiki?"

Akalibonyeza la kulia kwa dharau, watu wakacheka. Akalibonyeza la kushoto. Vidole vikasimama.

Akavirudisha. Akabonyeza tena.

"Hii iko na kitu," akasema. Sijawahi kumsikia akiongea chini hivyo.

"Ndiyo, wameweka makusudi."

"Kama punje ya mahindi. Haitembei."

"Ndiyo."

Akaweka mkono juu ya gauni lake, upande wa kushoto, akaangalia pembeni.

"Yangu iko hivi," akasema. Kisha akarudi kwa omena yake.

Siku ile hakumgombeza mtu. Wateja walikuja kuniuliza kama amefiwa. Mimi niliogopa, wakuu. Nilikaa nikiangalia zile sidiria tatu alizonirudishia, na kila moja nikawa naiona kama mtu aliyejaribu kuniambia jambo nikamfokea.

Siku ya soko ilipofika nilimweleza Sista Rose kabla hajaweka mkoba chini. Nyuma ya meza yangu kuna pazia la leso. Akamwita Nyar Nyakach, akamwingiza huko. Mimi nikageukia barabara, na safari hii kweli sikuona hata gari moja.

Nikasikia sista akimuuliza: ngozi imeingia ndani tangu lini? Na chuchu, ilikuwa inaangalia huku siku zote? Majibu yalikuwa mafupi. Sista akamwambia uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini huu ni lazima uonekane hospitali kubwa ya mjini, tena wiki hii.

Hapo mdomo ukarudi.

"Siendi! Wakikudunga sindano hapo hewa inaingia, ugonjwa inatembea mwili mzima. Tumezika watu hivyo."

"Mama, si hewa," sista akasema. "Hao walienda wakiwa wamechelewa. Wewe hujachelewa bado."

"Na omena itauzwa na nani? Msichana yangu ako Maseno anasoma, anakula hii omena. Nikilala hospitali atakula nini?"

Hakukuwa na dawa ya hilo kwenye mkoba wa sista.

Sijui nani alinisukuma. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Mimi nitauza."

Pazia likafunguka. Kichwa chake kikatokeza.

"Wewe? Mtu ya Murang'a? Si wewe unaogopa samaki ati anakuangalia?"

"Omena ni wadogo. Hawaoni mbali."

Nilifikiri atalia. Mimi ndiye nilikuwa karibu kulia.

"Na gorogoro?"

"Nitatumia hilohilo."

"Usithubutu kunyoosha hiyo kitako," akasema, kisha akaenda na sista.

Sasa wakuu, acheni niwaambie kuhusu kuuza omena na sidiria meza moja. Harufu haina adabu. Ndani ya siku chache kamera zangu zote zilinuka ziwa. Mama mmoja wa kanisani alinunua, akarudi kulalamika kwamba paka wamemfuata mpaka ibadani. Wateja wa omena nao walinipima kwa macho: "Huyu Ja-Bra anajua kuchambua mchanga kwenye omena kweli?" Sikujua. Nilijifunza. Na mchana nilianza kuila, kwanza nimefumba macho, kisha nimeyafungua.

Gorogoro sikulinyoosha. Ahadi ni deni.

Hospitalini walimpiga picha, wakachukua kipande kidogo kwa sindano, wakamwambia asubiri majibu. Hewa haikuingia. Siku za kusubiri alikuja kukaa kwenye kiti chake akinikosoa ninavyopima, na nilifurahi kila aliponitukana.

Majibu yakaja. Ilikuwa saratani. Daktari akasema imekamatwa mapema kiasi cha kutibika, lakini titi la kushoto litaondolewa, kisha dawa.

Alinipigia simu yeye mwenyewe. Akaniambia hayo, kisha akauliza kama omena imeanuliwa maana mawingu yanatoka upande wa Maseno. Nikasema imeanuliwa. Haikuwa imeanuliwa. Nilikimbia.

Ulikuwa muda mrefu, wakuu, nao sitauchekesha. Nywele zilinyonyoka. Kuna siku binti yake alipiga simu akashindwa kuongea, na mimi nikashindwa kumsaidia kuongea. Mke wangu alimpelekea mgonjwa uji, mimi nilimpelekea habari za soko, na nyingine niliongeza chumvi.

Halafu asubuhi moja, meza zinapangwa, nikasikia sauti kutoka upande wa stendi.

"Nani amemwaga omena yangu kama mchanga ya ujenzi?"

Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani. Soko likasimama. Wamama wakapiga vigelegele, wengine wakalia, mimi nikaangalia Busia kwa nguvu zangu zote.

Akaja mezani kwangu. Akauliza ile sidiria nyeusi, ya kwanza kabisa, iko wapi. Nilikuwa nimeiweka kando, sikuiuza. Nikampa.

Akaishika kwa mikono miwili, akaiinua mbele ya watu wote.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Hii bra nilisema ni mbovu. Haikuwa mbovu. Bra, nisamehe."

Nikangoja. Watu nao wakangoja.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe? Wewe umeharibu omena yangu."

Sidiria hiyo nilimpelekea fundi cherehani, akashona mfuko ndani ya kikombe cha kushoto. Nyar Nyakach aliujaza mwenyewe pamba na punje za wimbi mpaka uzito ukalingana na wa kulia. Anasema mzani wake ni wa haki. Nimemkumbusha gorogoro.

Kifua cha mpira kiko mezani bado, Sista Rose alituachia. Sasa mwalimu ni Nyar Nyakach. Ukinunua omena lazima ukipapase kwanza, na ole wako upapase kwa haraka.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Mwili hubadilika taratibu, na sisi hutafuta wa kulaumu: waya, beli, muuzaji, uzee. Jueni matiti yenu yalivyo siku za kawaida, ili siku yakibadilika umbo, ngozi, chuchu, au mkono ukikuta kitu, mjue na mwende zahanati bila kungoja maumivu. Yeye hakuwa na maumivu hata kidogo. Wanaume pia, mna matiti hata kama hamtaki kusikia. Mimi nimejipapasa.

Karibuni mchangie. Nani amepitia haya, au mama yake, au mteja wake? Wenye utani nao waje, nimeshazoea.

Ninapoandika hapa Nyar Nyakach amesimama nyuma yangu anasoma, na harufu inathibitisha. Nimemuuliza anataka niwaambie nini.

"Waambie bra hairudi ndogo upande moja."