Siku Agola Alipokuwa na Faili Kortini

Naikumbuka mpaka leo, mwanangu, asubuhi niliyoingia korti ya Homa Bay na shati la kuazima, pamoja na uongo niliokuwa nimeukariri njia nzima kutoka Muhuru Bay. Miaka ya tisini ndiyo ilikuwa imeanza. Mimi kijana mvuvi wa omena, vile vidagaa vya ziwani, kifua mbele, mdomo haunyamazi. Barua ilikuwa imenifikia kupitia kwa chifu: afisa wa watoto ananiita nieleze habari ya mtoto wa Atieno wa Ndhiwa.

Huyo Atieno nilimjua vizuri sana, usinicheke. Sasa alikuwa amelazwa hospitali, hajiwezi, na kwao hakubaki mtu wa kulea mtoto. Baba asipopatikana, mtoto angepelekwa makao ya watoto, mji wa mbali. Nami nilikuwa nimeamua kuruka kimanga. Nilijiambia, nani atathibitisha?

Nilidhani nitakuta polisi na watu wamejaa kama siku ya soko. Yawa! Tuliingizwa chumba kidogo, mlango ukafungwa, maana kesi ya mtoto haisikizwi hadharani. Hakimu alikuwa mama wa makamo. Karani akasoma jina la mwenye kesi, na halikuwa langu wala la Atieno. Lilikuwa la mtoto. Nilishangaa. Kitoto cha miezi mitano, kimelala mapajani mwa afisa wa watoto, kina faili yake, na serikali nzima imesimama upande wake!

Afisa yule, mama mpole lakini si wa kuchezewa, alieleza mambo yote. Kisha nikaapishwa, Biblia mkononi. Hakimu akaniambia kama nina shaka ya kweli niseme, tupimwe damu, hakuna atakayenionea.

"Mheshimiwa, mtoto huyu simjui," nikasema.

Hakimu hakukasirika. Aliandika, halafu akamuuliza afisa, "Jina hili la Agola alipewa na nani?"

"Mheshimiwa, mtoto alikuwa analia kutwa kucha. Mama yake anasema baba alimtuma mwanamke mchuuzi wa samaki, aseme kwamba yeye baba amemwota nyanya yake marehemu, mtoto apewe jina la nyanya huyo. Walipomwita Agola, akanyamaza."

Hakimu akanigeukia. "Nyanya yako aliitwa nani?"

Mwanangu, hapo nikajua nimenaswa. Ujumbe ule niliutuma mimi mwenyewe, kabla sijashikwa na woga wa kulea. Na kwetu huwezi kumpa mtoto jina la marehemu wa nyumba yenu kisha useme simjui. Ni kumfukuza nyanya yako mlangoni, na huyo dani Agola, nyanya yangu, ndiye aliyenilea mimi. Nikakitazama kile kitoto. Kilikuwa kimeamka, kinaniangalia tu. Nikalia, mwanaume mzima, mbele ya hakimu.

"Agola," nikasema. "Ni wangu. Nimesema uongo, mheshimiwa, nisamehe."

"Usiniombe mimi msamaha," akasema. "Muombe mwenye kesi."

Nikapiga magoti, nikamuomba msamaha mtoto ambaye hakuwa na jino hata moja. Hata karani aliacha kuandika. Kisha nikatia sahihi kwamba ni wangu, na korti ikaamuru akae kwa mama yangu, afisa awe anakuja kumwangalia. Atieno alipopona, alinikuta najua kufua nepi.

Basi sikiliza, wewe kijana. Ukipata mtoto, jitokeze mwenyewe kabla ya barua ya chifu. Ukiitwa na afisa wa watoto, nenda, usitorokee visiwani. Ukiwa na shaka, omba upimwe, lakini usimtukane msichana wa watu. Na ukishika Biblia, kumbuka kuna mtu mdogo mle ndani ambaye maisha yake yote yanangoja neno lako moja.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe watoto, mwanangu, na siku utakapoulizwa baba yao ni nani, akupe ulimi mwepesi wa kusema: ni mimi.