Zimamoto anayeota milango

Ukungu wa asubuhi haujaondoka Sumbawanga. Nyuma ya kituo cha zimamoto, Leonsi Mwanisawa anafuta kioo cha gari jekundu kwa kipande cha kitenge, taratibu, kama anayeogopa kuliamsha. Ndilo gari pekee la zimamoto mjini hapa, na katika baridi hii ya Julai linawaka kwa kubembelezwa.

"Jana nimeota mlango tena," anasema bila kuulizwa. "Ulisimama katikati ya shamba la ulezi, peke yake, hauna nyumba. Nikaufunga. Nikaamka nimefurahi kweli."

Wenzake wamemzoea. Humtania kwamba wanaume wengine huota ng'ombe, yeye huota bawaba na komeo. Kwa kawaida hucheka nao, lakini leo hacheki. Leo, baada ya misa ya pili, ndipo atakapojua kama majirani zake wa mtaa wa Katandala watamwelewa au wataendelea kumnunia.

Leonsi alizaliwa kijiji cha Chala, kwa mama mchoma mkaa aliyeitwa Cornelia. Anamkumbuka akizunguka tanuri lake la udongo tangu jua linachomoza, akitafuta nyufa. Moshi ukipenya mahali, mama hukimbia na udongo kuziba, hewa isiingie.

"Alikuwa akituambia moto umelala humo ndani, tusipige kelele," anasema mzee huyo huku akitabasamu. "Mimi nikaamini kabisa. Nilikuwa natembea kwa kunyata."

Alipoingia kazi ya zimamoto, nyumba nyingi za Ufipa bado zilikuwa za nyasi. Kazi ilikuwa ya kupanda juu, kung'oa nyasi na kuacha milango wazi ili moto upande juu na watu waokoe magunia ya mahindi. Kila Mfipa alilijua hilo tangu utotoni. Nyumba ya jirani ikishika moto, unakwenda kuvunja mlango wake. Kuuacha umefungwa ni sawa na kumwambia kwamba shida yake haikuhusu.

Halafu ikaja biashara huria. Malori kutoka Tunduma yakaleta sofa, magodoro ya sponji na mapazia ya nailoni, na nyumba zikapata mabati, dari, na nondo madirishani kwa ajili ya wezi. Nani hakufurahi? Leonsi mwenyewe alinunua godoro, na anakiri hajawahi kulala vizuri kama usiku ule wa kwanza.

Lakini sponji haiungui kama nyasi. Hutoa moshi mweusi, mzito, unaojaza chumba kabla mtu hajamaliza kujifunga kanga. Tena moshi wenyewe huwaka ukipata hewa. Anayevunja dirisha akidhani anautoa nje, ndiye anayeulisha moto.

Hayo aliyasikia kwenye mafunzo Mbeya. Huko waliambiwa waanze kwa kufunga mlango, watayarishe mpira wa maji, ndipo wafungue kidogo, wakiwa wameinama, na kurusha maji juu kwa vipindi vifupi ili kuupoza moshi kabla ya kuufuata moto. Baadhi ya wenzake waliguna. Leonsi anasema mkufunzi alipotaja hewa, yeye alimwona mama yake pembeni ya tanuri, udongo mkononi, na machozi yakamlenga.

Julai ya mwaka jana ndipo yote yalipomkuta. Masunga, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye familia yake ilihamia Rukwa na mifugo kutoka Usukumani, alikuwa amejenga nyumba nzuri Katandala. Alasiri moja ya upepo mkali, jiko la mkaa liliwekwa sebuleni kuleta joto, na kaa likadondokea kwenye sofa. Masunga alikuwa zizini. Mkewe, Debora, alikuwa amelala na homa chumba cha nyuma, na mlango wa chumba hicho ulifungwa kwa sababu ya baridi.

Leonsi na mwenzake Isdori walipofika, majirani walishashika mawe na michi kuvunja madirisha. Mpira wa maji ulikuwa bado haujaunganishwa. Leonsi akauvuta mlango wa sebule, akaufunga, akasimama akiuegemea kwa mgongo, mikono ameitanua. Masunga akaja mbio na kumkuta hapo.

Maneno aliyotukanwa siku hiyo hayaandikiki gazetini. Alipigwa, shati likachanika, na mwanamama mmoja akamwita muuaji. Yeye hakuondoka. Nyuma ya nyumba, Isdori alifunga kamba kwenye nondo, akazing'oa kwa gari, na Debora, aliyekingwa na mlango wa chumba uliofungwa, akatolewa dirishani akikohoa, mzima.

Ungedhani Masunga angechinja mbuzi. Thubutu! Alikata salamu kabisa. Mnadani wenzake walikuwa wakimuuliza anajisikiaje mwanaume aliyezuiwa mlangoni kwake mpaka mkewe akatolewa na mwingine. Maneno yalimchoma kuliko moto. Akapanga nyumba mtaa wa Izia, na ile ya Katandala akaiacha na masizi yake.

Pasaka mwaka huu, nyumba nyingine ya Katandala iliungua. Majirani, kwa moyo safi, walivunja madirisha yote kabla gari halijafika. Fundi cherehani mmoja mzee hakutoka. Akifika hapo Leonsi hukunja kitenge chake, akakikunjua.

Ndipo alipomwomba Debora, wanayesali naye jumuiya moja, amsemee kwa mumewe: apewe ile sebule iliyoungua, aweke sofa kuukuu, aliwashe, watu wauone moto kwa macho yao.  Masunga alimpa tu mkewe ufunguo.

Misa imekwisha. Watu wamejaa uani mwa nyumba ya Masunga, wengine bado na vitabu vya nyimbo. Isdori yuko kwenye mpira, na maji yako tayari. Leonsi analiwasha sofa na kutoka. Kupitia kioo cha dirisha jipya, wote wanauona moshi ukitambaa chini ya mabati, laini, mweusi, unapendeza vibaya.

Anaomba jirani mmoja aje afunge mlango. Hataki mkono wake, anataka wa kwao. Hakuna anayesogea. Mama Albina, jirani mzee, anatikisa kichwa.

"Mwanangu, mkono huu haujawahi kumfungia mlango jirani anayeungua."

Moto unapanda. Leonsi anatazama chini. Hapo umati unaachia njia. Masunga anapita katikati na fimbo yake ya kuchungia. Anamkabidhi Debora fimbo, anauvuta mlango, anaufunga, kisha anaugeuzia mgongo na kutanua mikono, vilevile kama alivyozuiwa yeye.

 Nyuma ya kioo, mwali unashuka, unakuwa mwekundu, unajikunyata. Isdori anapoingia ameinama na maji yake, kazi iliyobaki ni ndogo. Mama Albina anasogea kukitazama kioo kwa karibu, kisha anamtazama Debora, kwa muda mrefu.

Masunga anakuja mbele ya Leonsi. Ni mwaka mzima tangu akate salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," anajibu Leonsi.

Sasa wanataka kwenda pamoja Muze, kisha Msanzi na Chala, mmoja akiwasha sofa na mwingine akifunga mlango. Masunga anasema atajenga upya nyumba ileile, na nondo zake zitakuwa na bawaba, zifunguke kwa ndani. Ameshamwita Leonsi aje aonyeshe milango ikae wapi.

Jioni, akilirudisha gari kituoni, Leonsi anaulizwa na mwandishi wa makala haya anachokitamani kabla ya kustaafu. Anafikiri kidogo, upepo ukivuma kwenye mikaratusi.

"Gari letu huchelewa, unajua," anasema. "Natamani siku moja nichelewe, nikute mlango umefungwa, na watu wote wako nje wananisubiri."