Bibi Chini ya Boriti

Usiku ule nililala mapema kwa sababu ya dawa za maumivu. Nilikuwa nimevunjika mguu, nipo kwangu Dodoma, sitoki nje, na kazi yangu ikawa kutembea Tanga kwenye kompyuta. Kuna picha za mitaa zilizopigwa na gari lenye kamera juu. Ukibonyeza, unasogea mbele kama mpita njia. Nilipita Ngamiani barabara moja baada ya nyingine, nikitazama nyumba zetu za Kiswahili, baraza zake, milango ya mbao, mabati yaliyoshika kutu. Nikasoma na habari za jinsi mji ulivyopimwa. Jioni hiyo nikaifikia nyumba ya udongo ya marehemu bibi yangu, Bibi Mwanaidi, aliyenilea. Siku hizi anaishi humo mdogo wangu Saidi, na mkewe na watoto. Nikaona ameanza kuijengea chumba cha matofali juu yake. Nilifurahi, nikajisemea, na sisi sasa tuna ghorofa.

Katika ndoto nilikuwa nimesimama barabarani kwa miguu yangu yote miwili. Mtaa mzima kimya. Nikitaka kusogea, nasogea tu, bila kupiga hatua. Nyumba zilibadilika nilipozipita: ya matofali ikageuka ya udongo, ya bati ikawa ya makuti. Sikushangaa. Nikafika kwa bibi, mlango u wazi. Naingia korido, ile ndefu inayogawa vyumba huku na huku hadi uani. Inanukia chokaa mbichi. Mara mimi ni mtoto, bibi anakandika ukuta kwa kiganja, ananipa na mimi donge la udongo. Mara si mtoto tena, na korido imejaa giza.

Nikamwona bibi katika chumba cha uani. Amesimama juu ya kitanda, kanga kiunoni, mikono yote miwili ameiinua, ameshikilia boriti za dari. Mikono inatetemeka. Jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Bibi yangu, niliyemwosha mwenyewe siku ya mazishi yake.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Katika uhai wake hakuwahi kuniacha na salamu mdomoni.

"Bibi, unafanya nini huko juu?"

Akanitazama. Macho makavu, ya hasira.

"Mmenitwika nini, Zaina?"

Nataka kumsaidia, mikono yangu hainyanyuki. Miguuni pake, pale kitandani, watoto wa Saidi wamelala. Mchanga unawadondokea usoni na hawaamki.

"Waondoe," akasema. "Mimi nimechoka."

Akashusha mkono mmoja.

Niliamka nikipiga kelele. Kulikuwa kunapambazuka. Nikapapasa simu, nikampigia Saidi.

"Dada, kulikoni? Mguu?"

"Nani analala chumba cha uani?"

"Watoto. Kwani vipi?"

"Waamshe, watoe nje. Bibi amenijia."

Akacheka kidogo. "Dada, hizo dawa unazokunywa..."

"Saidi, nenda kaangalie dari. Usikate simu."

Nikasikia malapa yake yakiburuzika koridoni, mlango ukalia.

"Dada," akasema taratibu, "chandarua kimejaa mchanga."

Hapo hapo sauti ikambadilika. Alikuwa akimwita mkewe, akiwaita watoto, "Tokeni! Tokeni nje wote!" Simu ikaanguka. Nikasikia miguu inakimbia, mtoto analia, halafu mshindo kama lori linalomwaga kokoto. Baada ya hapo sikusikia kitu.

Nilipiga, nikapiga tena. Haipokelewi. Sikuweza kusimama, nikajiburuza hadi mlangoni kana kwamba Tanga iko nje ya mlango ule, nikakaa sakafuni na simu mapajani. Jua lilikuwa limeshatoka ilipoita. Mke wa Saidi, kwa simu ya jirani.

"Wifi, tupo barabarani. Wote wazima."

"Saidi?"

"Huyu hapa, amekaa chini. Chumba hakipo, wifi. Kile cha juu chote kimelala pale walipokuwa watoto." Akavuta pumzi. "Wewe ulijuaje?"

Nilitaka kumwambia. Nilitaka hata kusema alhamdulillahi. Badala yake nikamwambia anihesabie watoto, mmoja mmoja.